Kiuno, korosho na sindano za Kichina: niliyopitia kutoka Tandahimba hadi Dar es Salaam

Msimu wa korosho ukikaribia, simu yangu haitulii. Leo anapiga mama wa Newala, kesho kaka wa Nanyamba, keshokutwa mwalimu wa Lindi mjini, na wote wana swali moja: ni kweli zile sindano za Kichina, nyembamba zisizopitisha dawa, zinatibu kiuno? Jambo hili halijibiki kwa dakika mbili za simu, kwa hiyo naliandika lote: fedha zilizotoka, hofu niliyokuwa nayo, nafuu niliyoipata na ile ambayo sikuipata.

Asiye na muda achukue hili kwanza. Kiuno changu hakikupona, kilipata nafuu. Nafuu hiyo ilinirudisha shambani, na imedumu kwa sababu ya mambo mengine niliyoyafanya wakati maumivu yalipopungua. Wapo watakaokwambia walichomwa mara tatu wakapona kabisa. Sibishani nao, ila mimi naeleza ya mwili wangu.

Nina shamba la mikorosho Tandahimba, limenifikia kwa upande wa mama kama ilivyo kwetu Wamakonde. Kuokota korosho ni kazi ya kuinama. Bibo limeanguka, unainama, unaling'oa korosho, unalitupa, unasogea hatua moja, unainama tena, tangu alfajiri mpaka jua linapokuwa kali. Ukitoka hapo kuna gunia la kunyanyua na ndoo ya maji ya kujitwika. Mvua zikianza kuna palizi ya jembe la mpini mfupi. Maumivu yangu yalianza kama uchovu wa kawaida wa msimu. Mwaka uliofuata yalichelewa kuondoka. Baadaye hayakuondoka tena. Asubuhi nilikuwa siwezi kuinama kufunga kandambili za mtoto, na nikikaa muda mrefu kikaoni AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, kunyanyuka kulikuwa shughuli ya kushika ukuta. Maumivu yalishuka mpaka kwenye kalio la kulia na mara nyingine nyuma ya paja.

Kilichoniumiza zaidi ya kiuno ni kuonekana mvivu. Mtu mwenye jeraha hupewa pole. Mwenye kiuno huonekana mzima, anakula, anacheka, halafu anasema hawezi kupalilia. Wifi yangu aliwahi kusema mbele yangu kwamba kuna wanawake huumwa kila jembe linapotajwa. Nililia usiku ule, na nataka mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani alijue hilo.

Kabla ya sindano nilipitia njia ambayo watu wengi wa kusini wanaijua. Nilianza na dawa za duka, hasa diklofenaki. Ni dawa inayotuliza kweli, na hapo ndipo hatari yake ilipo, maana ukishaona inatuliza unaimeza kabla ya kwenda shamba, unaimeza ukirudi, miezi inapita. Mimi ilinipa maumivu ya tumbo mpaka nikawa natapika, na daktari alinieleza kwamba dawa za jamii hiyo zikitumika muda mrefu huchubua tumbo, zinaweza kulitoboa, na huumiza figo. Fikiria hilo: nusu ya mtaa ilikuwa inaniambia kiuno changu ni figo, na mimi nilikuwa nameza kitu kinachoweza kuniletea ugonjwa huo wa figo ambao sikuwa nao.

Mjomba alishauri chale. Kwetu neno la mjomba si dogo, na alilisema kwa mapenzi. Nilimwomba radhi, nikamweleza kwamba naogopa wembe uliopita kwa wengine, kwa sababu ya Ukimwi na homa ya ini. Alinielewa. Nilipigwa chuku kwa bibi mmoja anayetumia vifaa safi, nikapata usingizi mzuri siku chache, kisha hali ikarudi ilivyokuwa. Nimevaa pia mkanda wa kiunoni ulionigharimu fedha nyingi, na nikiuvua nilijihisi dhaifu kuliko mwanzo.

Hospitali nilianzia wilayani, baadaye Mtwara mjini, na kwa yeyote mwenye maumivu kama yangu naomba aanzie hapo hapo kabla ya kufikiria sindano ya mtu yeyote. Daktari aliniuliza maswali ambayo sasa nayarudia kwa kila anayenipigia simu. Umewahi kuanguka, kama vile kutoka juu ya mkorosho au kwenye bodaboda? Una homa za jioni, jasho la usiku, unakonda bila sababu? Aliuliza hivyo kwa sababu kifua kikuu hakikai mapafuni tu, huweza kuingia kwenye pingili za mgongo na kuzila taratibu, na saratani nayo inaweza kuanza kwa dalili hiyo ya kiuno. Mguu umelegea, unauburuta? Sehemu za siri na mapaja ya ndani yamekufa ganzi? Mkojo au haja kubwa inakutoka bila kujua, au mkojo umegoma kutoka? Aliniambia mwenye dalili hizi za mwisho ni mgonjwa wa dharura, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu mishipa ya fahamu ikibanwa hivyo, kuchelewa kunaweza kumwacha mtu na ulemavu wa kudumu. Sindano za Kichina hazihusiki kabisa hapo.

Mkojo wangu ulipimwa, figo zilikuwa salama. Picha ya eksirei ilionyesha kile kinachoitwa pingili kusagika. Maneno hayo yalinivunja. Nilitoka pale nikijiona ni mashine iliyokwisha, nikawa naogopa hata kuinama kuchukua kijiko. Ilichukua muda mrefu kupata mtu wa kunieleza vizuri, na huyo alikuwa kijana wa mazoezi tiba. Alisema watu wengi wa umri wangu wakipigwa picha huonekana na mabadiliko kama hayo, na wengi wao hawaumwi chochote. Picha pekee haisemi utaumwa kiasi gani. Mgongo ni mfupa na misuli yenye nguvu, haivunjiki kwa kuokota kijiko. Laiti ningeyasikia hayo siku ile ile niliyopewa picha.

Alinipa mazoezi. Tatizo ni kwamba kila nilipoyafanya niliumia, nikaacha, nikajaribu, nikaacha tena. Hapo ndipo mdogo wangu anayeishi Mbagala aliponiambia kuhusu kliniki ya sindano jijini, ambako jirani yake alikuwa anatibiwa.

Sikukimbilia. Nina mpwa anayesomea uuguzi, nikamwomba anitafutie wataalamu wanasema nini, asinifiche kitu. Alichonisomea naona kila mtu akijue kabla ya kutoa fedha. Kulikuwa na utafiti mkubwa Ujerumani, matokeo yake yalitolewa mwaka 2007, wenye wagonjwa 1,162 waliokuwa na maumivu sugu ya kiuno. Kundi la kwanza walichomwa sindano kwa kufuata nukta za Kichina, yaani sehemu maalumu za mwili ambazo tiba hiyo huzichagua. La pili walichomwa juu juu tu, mahali pasipo nukta hizo, bila wao kujua. La tatu walipata tiba ya kawaida ya dawa na mazoezi. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu ya kuhesabika walikuwa asilimia 47.6 kundi la kwanza, asilimia 44.2 kundi la pili, na asilimia 27.4 kundi la tatu.

Nilimwambia mpwa arudie kusoma. Maana yake ni nini? Kwamba waliochomwa sindano walipata nafuu kuliko waliopewa tiba ya kawaida, lakini kuchomwa mahali "sahihi" na kuchomwa mahali popote hakukutofautiana sana. Wataalamu wenyewe wamegawanyika juu ya hilo. Uingereza, taasisi yao ya miongozo ya tiba ilipendekeza sindano hizi kwa kiuno mwaka 2009, ikaja kuziondoa mwaka 2016. Marekani, chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani kiliziweka mwaka 2017 miongoni mwa tiba za kujaribu kabla ya dawa. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno, likaziruhusu kwa tahadhari kama sehemu ya matibabu, sambamba na elimu kwa mgonjwa na mazoezi. Mwongozo huo huo haupendekezi mikanda ya kiunoni kama ule niliokuwa nimenunua.

Nilikaa na habari hizo kwa muda. Mwisho nikaamua kwamba mimi si mtafiti, mimi ni mtu anayetaka maumivu yapungue kiasi cha kuweza kufanya mazoezi. Kama karibu nusu ya watu walipata nafuu, na hatari yake ni ndogo ikifanywa kwa usafi, nijaribu, ila kwa mipaka. Uamuzi wa kuweka mipaka ndio ulioniokoa baadaye.

Mpaka wa kwanza ulikuwa fedha. Naomba nizungumze hapa kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimeona watu wa kwetu wakiuza korosho kwa kangomba ili wapate nauli ya matibabu. Korosho ikiwa bado maua mtini, mtu anaiuza kwa bei ya kutupa, halafu mnada unafunguliwa na yeye hana kitu. Kwa mgonjwa wa dharura sina la kusema, roho kwanza. Lakini kiuno kilichouma miaka kinaweza kusubiri mnada. Mimi nilisubiri malipo ya msimu yaingie benki, nikatenga ada za shule na fedha ya salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, ndipo nikaangalia kilichobaki. Mume wangu hakupenda. Alisema fedha hiyo ingeezeka nyumba ya uani. Tulinuniana kweli. Nilichofanya ni kukaa naye na daftari, nikamwonyesha niliyokwisha kutumia kwa dawa za duka na vibarua wa kunipalilia. Alinyamaza, kisha akasema, "Mama Zuhura, nenda, ila uniambie ukweli ukirudi."

Watu huuliza bei ya sindano, na sindano si gharama kubwa kuliko zote. Kliniki niliyokwenda ilitoza shilingi 50,000 kwa kikao kimoja, na vikao ni viwili kwa wiki. Jumlisha gari la Tandahimba hadi Mtwara, basi la Dar es Salaam, daladala kila siku ya kikao, chakula, na kitu kidogo cha kumwachia mwenyeji wako. Jumlisha kibarua anayeangalia shamba nyumbani. Kama nisingekuwa na mdogo wangu wa kunilaza, nisingeenda kabisa. Tiba hii si ya kwenda mara moja na kurudi. Katika ule utafiti wa Ujerumani walichomwa vikao 10 vya nusu saa, na wengine wakaongezewa 5. Anayepanga safari ya siku tatu kutoka Masasi kwa ajili ya sindano mbili, namshauri abaki nyumbani na fedha yake.

Na basi lenyewe ni mtihani. Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500 za kukaa. Chukua kiti cha pembeni ya njia ili uweze kunyanyuka, kunja kanga uiweke kwenye mbinuko wa kiuno, na basi likisimama Nangurukuru usibaki kitini, shuka utembee hata kama huna haja ya kununua kitu.

Nilisafiri baada ya Idi, Aprili 2024. Nilisubiri Ramadhani ipite kwa sababu muuguzi wa kliniki aliniambia kwa simu kwamba mtu asichomwe akiwa na njaa, wengine huzirai. Ushauri mzuri, nami naurudia: kula kabla ya kwenda.

Siku ya kwanza niliingia na maswali yangu yameandikwa kwenye karatasi. Niliuliza usajili. Hapa nchini tiba hii inahesabiwa ni tiba mbadala, na kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliyounda Baraza linalosajili watoa huduma na vituo vyao. Cheti kilikuwa ukutani, nikaomba kukisoma kwa karibu, hakuna aliyekasirika. Niliuliza sindano. Muuguzi alinionyesha pakiti zilizofungwa, za kutumika mara moja na kutupwa, na akazifungua mbele yangu kila kikao. Zikitoka mwilini ziliingia kwenye boksi la taka zenye ncha kali. Ukiona sindano zinatolewa kwenye bakuli la spiriti, vaa viatu vyako uondoke. Homa ya ini haiangalii kwamba daktari ana tabasamu.

Kuna jambo jingine ambalo wanawake hunong'ona kuliuliza, nalijibu wazi. Ndiyo, utavua. Kiuno na kalio lazima vionekane, na mara nyingi daktari ni mwanamume. Mimi ni mwanamke wa Kiislamu, lilinisumbua. Nilimwambia muuguzi, mwanamke Mtanzania, kwamba nataka awepo chumbani muda wote. Alisema, "Mama, hilo ni haki yako, mimi sitoki." Nilikwenda na kanga mbili, moja juu na moja chini, ikabaki wazi sehemu ya kazi tu. Vaa nguo pana, usivae suruali ya kubana, na acha dhahabu nyumbani.

Daktari, Mchina wa makamo, alizungumza Kiswahili kidogo na muuguzi akawa anamalizia. Alinikagua ulimi, akashika mapigo ya mkono, akabonyeza kiuno kwa kidole gumba kutafuta panapouma zaidi. Kisha akaanza kuchoma: kando ya uti wa mgongo pande zote mbili, kwenye kalio, na nyuma ya goti mahali wanapopaita Weizhong. Nilikuwa nimejikaza kama mtu anayesubiri sindano ya kwinini. Sivyo. Sindano hizi hazina tundu, hazipitishi dawa, na ni nyembamba sana ukilinganisha na ya hospitali. Mchomo wenyewe ni kama kuumwa na mbu. Kinachokuja baadaye ndicho kigeni: uzito, kama kuna mtu amekushikilia kwa ndani, na mvuto unaotembea. Muuguzi aliniuliza kila mara, "Ni nzito? Inavuta?" Nikijibu ndiyo, daktari anasonga mbele. Lakini ukisikia maumivu makali yanayokwenda kama umeme mpaka kwenye unyayo, sema hapo hapo, usione haya. Nilisema mara moja na akairudisha nyuma sindano.

Baadhi ya sindano ziliunganishwa na waya wa umeme mdogo unaodunda misuli. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asiunganishwe umeme huo. Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme kabla ya kulala kitandani. Mjamzito naye aseme, hata kama mimba ni changa na hajamwambia mtu. Juu ya kiuno waliniwekea taa ya joto, nikalala pale karibu nusu saa.

Nilitoka nikiwa mwepesi, nikampigia mume wangu simu kwa furaha. Kesho yake niliamka na maumivu kuliko yale niliyokwenda nayo, na alama ya damu iliyovilia kwenye kalio. Nilimpigia muuguzi nikiwa nalia. Aliniambia hutokea, yatatulia siku moja au mbili, na yakitulia nirudi. Yalitulia. Kikao cha pili na cha tatu sikuona tofauti yoyote. Ndani ya daladala la Mbagala, nimesimama, kiuno kinawaka, niliiwaza ile nyumba ya uani isiyoezekwa.

Mabadiliko hayakuja kama wanavyosimulia watu. Sikuamka siku moja nikiwa mzima. Kilichobadilika kwanza ni usingizi: nikagundua nimelala mpaka adhana ya alfajiri bila kugeukageuka. Kisha nikagundua sijameza kidonge. Kisha nikainuka kwenye mkeka nisishike kitu, na mdogo wangu ndiye aliyeona, mimi sikuwa nimetambua. Mguu ulikuwa bado unavuta, na asubuhi kiuno kilikuwa bado kigumu. Ukiniuliza kwa makadirio ya moyo wangu, theluthi moja ya maumivu iliondoka, pengine nusu siku nzuri.

Hapo katikati ndipo niliposhawishiwa kununua pakiti za dawa za mitishamba za Kichina, ghali, zenye maandishi nisiyoyajua. Nilikataa, na nashukuru mpwa wangu alikuwa amenionya. Imewahi kugundulika sehemu mbalimbali duniani kwamba baadhi ya dawa zinazouzwa kama mitishamba tupu huchanganywa dawa za hospitalini za kutuliza maumivu bila kuandikwa. Mimi nilikuwa nimetoka kuharibu tumbo langu kwa dawa za aina hiyo, nisingeweza kunywa kitu nisichojua ndani yake kuna nini. Niliwaambia nimekuja kwa sindano tu, mambo yakaisha.

Jambo jingine ni malipo. Walinipa punguzo nilipe vikao vyote mbele, nikalipa. Mwishoni mwa Aprili tukapata msiba nyumbani, nikarudi Tandahimba nikitarajia kumalizia vikao vilivyobaki baada ya arobaini. Mei mwanzoni kimbunga Hidaya kikapita, mvua zikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, magari yakakwama, kusini tukabaki upande wetu. Barabara ilipofunguka, salfa ilikuwa imeanza na fedha ya nauli haikuwepo. Vikao vile havikurudishwa fedha. Lipa kikao kwa kikao hata kama punguzo linavutia. Sisi wa kusini tunajua barabara yetu wakati wa masika.

Nilidhani nafuu itaniponyoka yote. Wiki chache baadaye kiuno kilianza kubana tena, na hofu ikarudi nayo. Nikarudi kwa yule kijana wa mazoezi tiba Mtwara mjini. Safari hii, kwa kuwa maumivu yalikuwa yamepungua, yale mazoezi niliyokuwa nayaacha niliyaweza: kulala chali na kuinua kiuno, kupiga magoti na mikono chini kisha kunyoosha mkono na mguu wa upande mwingine, na kutembea kila siku hata kama ni kidogo. Hayana gharama, yanahitaji mkeka tu. Na hapa ndipo ninapoona sindano zilinisaidia kweli. Zilinipa kipindi ambacho mwili ulikubali kusogezwa. Kama ningekitumia kipindi hicho kulala na kushukuru, naamini ningerudi pale pale.

Nimebadilisha na kazi. Jembe langu sasa lina mpini mrefu. Kuokota, napiga goti moja chini badala ya kukunja kiuno, na ninabadilisha goti. Natumia kikapu kidogo ninachokimwaga mara nyingi, gunia wananyanyua wawili. Palizi naigawa: asubuhi mimi, iliyobaki kibarua. Mwanzoni majirani walinitazama, sasa wawili wameniomba niwaonyeshe mpini nilikochongesha.

Kuna rafiki yangu, baada ya kusikia ule utafiti wa Ujerumani, aliniambia basi wewe ulijidanganya tu, nafuu ilikuwa kichwani. Nimelifikiria sana hilo. Maumivu yangu hayakuwa kichwani, na nafuu yangu haikuwa ya kuigiza. Nililala usingizi nilioukosa miaka. Kama ilitokana na nukta ya Weizhong, au na kulala nusu saa kwenye joto nikiwa nimeshikwa na watu wanaonisikiliza, au na imani yangu, siwezi kuvitenganisha. Ninachojua ni kwamba singemshauri mtu auze shamba kwa ajili yake, wala singemcheka anayekwenda akiwa na fedha ya akiba na vipimo mkononi.

Madaktari wa Kichina wako nchini siku nyingi. Timu za kwanza za serikali ya China zilifika Tanzania Bara mwaka 1968. Kwa hiyo kabla ya kupanda basi, uliza kwanza hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe kama kuna mtaalamu anayetoa tiba hii, na uliza mazoezi tiba kwa wakati huo huo. Na uweke kikomo. Bima ya serikali ya wazee kule Marekani, ilipoanza kulipia sindano hizi kwa kiuno sugu mwaka 2020, iliweka vikao 12 ndani ya siku 90, na kuongeza 8 kwa anayeonyesha nafuu tu. Asiyeonyesha, husimamishwa. Nimeuchukua utaratibu huo kuwa wangu: nikifika nusu ya vikao hivyo bila usingizi kubadilika, bila vidonge kupungua, naacha na fedha iliyobaki inakwenda kwingine.

Mwaka huu kiuno kikinizidi, nimekubaliana na mume wangu tufanye hivi. Kwanza narudi kwa kijana wa mazoezi Mtwara, anione upya. Akisema hakuna dalili ya hatari na mazoezi yamegoma kwa sababu ya maumivu, nitakwenda Dar es Salaam baada ya mnada na kabla ya masika, Januari au Februari, nilipe kila kikao kwa wakati wake. Nyumba ya uani iliezekwa msimu uliopita.